Aliyetikisika

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na kwamba ukungu wa macho haujazidi.

Mzigo umefika. Mpigapicha wenu, yule mliyemwita Bwana Usitikisike, alipofariki, wanawe waliona hakuna wa kurithi studio, wakatukabidhi kila kitu sisi wa nyumba ya kumbukumbu. Ni masanduku ya mbao yaliyojaa vioo vya picha, kila kioo kimefungwa kwenye gazeti. Kazi ya kuvisafisha na kuviandikia maelezo nimepewa mimi. Mkuu wangu anasema ni kwa sababu nilizaliwa huko mgodini. Nikamwambia nilitoka huko nikiwa mgongoni mwa mama. Akasema sifa hiyo inatosha.

Nafanya kazi katika chumba cha chini, madirisha yamefunikwa kitambaa cheusi. Nikiweka kioo juu ya meza ya mwanga, watu wanajitokeza polepole, kama wanatoka kwenye maji. Kwenye kioo kila kitu ni kinyume: makaa ya mawe meupe, meno meusi, na mchana unafanana na mbalamwezi. Nimeona foleni ya chumba cha taa, wachimbaji wakikabidhi vibati vyao vya namba na kupokea taa. Nimeona kwaya, timu ya mpira, wanawake wakifua, watoto wamekaa juu ya kilima cha mawe yaliyotolewa shimoni. Wakati mwingine nikitoka nje jioni nashangaa kukuta watu wana rangi zao.

Nimekuta pia kioo cha picha ya baba. Unaijua: ile iliyokuwa ukutani kwa mama, yenye mtu mwenye vumbi la makaa usoni na koti lililofungwa vifungo vyote. Utotoni niliiamkia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Chai haikumiminwa mpaka niseme, "Shikamoo, baba." Tangu mama atutoke mwaka jana, picha hiyo iko kwangu.

Sasa, kioo ni kipana kuliko picha yenyewe. Kando kabisa, kwenye sehemu iliyokatwa, upo wewe, msichana mbichi, umeshika shuka jeupe kumrudishia mwanga usoni. Na umevaa nguo nyeusi za msiba. Nani alikuwa amefariki?

Nakutumia nakala za picha nyingine. Niambie unaowatambua kabla macho hayajafunga. Daktari wa macho wa hapa mjini anasema ukungu huo unatolewa kwa upasuaji mdogo tu. Kitanda chako kipo kwangu.

Mwanao


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa macho, na macho nayo hayaumi, yameamua tu kupumzika kabla yangu. Asubuhi nikifungua mlango naona mtaa mzima umejaa maziwa. Barua zako ananisomea jirani. Ana miwani mizuri na sauti mbaya, lakini hachagui cha kusoma, hata mihuri ya posta ananisomea. Kuandika naandika mwenyewe, kwa kalamu nene. Mistari ikipanda mlima usinicheke.

Picha nimezisogeza dirishani mpaka zikanigusa pua. Huyo mwenye ndoo kichwani alikuwa mama mwenye nyumba wetu, mkali kama pilipili. Kwenye foleni ya taa, ule mkono unaotoka dirishani ni wangu. Miaka yote niliyofanya kazi chumba cha taa nimepigwa picha mkono tu. Ukiandika maelezo, andika: "Mkono wa Shangazi."

Utajiuliza kwa nini wote wamesimama kama wamekaripiwa. Karibu na shimo taa ya kamera ilipigwa marufuku kwa sababu ya gesi. Basi Bwana Usitikisike alifungua jicho la kamera yake na kuliacha wazi muda wa pumzi moja, huku akisema, "Usitikisike, usitikisike." Ukipepesa macho umejiharibia. Jina alilopewa na wazazi wake wala silikumbuki.

Siku hizi shimo limezibwa kwa zege na nyasi zimeota hadi kwenye reli. King'ora cha zamu hakipo, ila mimi nakisikia. Jirani naye anakisikia. Tunatazamana, halafu kila mtu anaendelea na chai yake.

Kuhusu nguo nyeusi, ulikuwa msiba wa jirani. Mgodini misiba haikosekani.

Hospitali tutaiongelea. Usiniharakishe, mimi si gari la wagonjwa.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa majina. Nimeandika "Mkono wa Shangazi" na mkuu wangu ameupitisha bila kuuliza.

Lazima nirudi kwenye ile picha. Mtu wa picha yangu, sikio lake la kushoto limepungua ncha. Nalijua sikio hilo kuliko langu, maana utotoni nilidhani panya alilitafuna na nilikuwa nalala nimefunika masikio. Juzi nimefungua sanduku la mwisho, la miaka ya karibuni. Kuna picha ya sherehe ya kuwaaga wastaafu. Mzee mmoja anapokea saa ya ukutani. Amenawa uso, nywele zimeanza mvi, na sikio la kushoto limepungua ncha.

Baba yangu alibaki chini ya mwamba nikiwa sijaota meno. Hakustaafu wala hakupewa saa.

Tutafungua maonyesho ya picha hizi Aprili, na mkuu anataka picha ya baba iwe mlangoni, kubwa, na jina langu chini kama mtoto wake. Naweza kumkatalia mkuu, hilo si tatizo. Tatizo ni hili: sijawahi kuiona sura ya baba. Nilidhani nimeiona. Watu wa mgodi waliobaki ni wachache na wewe ndiye dada yake. Ikiwa si huyu, nionyeshe ni yupi, ungali unaona. Hicho tu ndicho ninachokuomba.

Kama ni msiba wa jirani, sawa, basi niambie jirani gani.

Nakutumia nakala zilizobaki, zote ni zile safi. Vioo ambamo mtu ametikisika na uso umekuwa moshi nimevitenga. Kanuni yetu ni kwamba picha mbovu haitunzwi. Nimeshasaini na vimeondolewa chumbani.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Andika chini yake "Mchimbaji." Si uongo.

Mvua imenyesha na bati la jikoni linavuja. Jirani amepanda kuziba. Nimemwambia ukianguka sikuoni, itabidi uniite mwenyewe.

Shangazi yako


15 Machi

Kwa binti wa Upepo,

Salamu. Hunifahamu kwa barua, lakini kwa sura unanifahamu. Mimi ndiye jirani anayemsomea shangazi yako. Mgodini nilikuwa naweka nguzo za kuzuia mwamba, na watu waliniita Mbao. Upepo alikuwa baba yako. Tulifanya kazi zamu moja.

Barua yako niliisoma kwa sauti mpaka nikafika penye sikio. Shangazi yako akasema, "Ruka hapo." Nikaruka. Lakini mtu hawezi kuruka sikio lake mwenyewe, kwa hiyo nakuandikia bila yeye kujua. Akijua atanisema mpaka Krismasi.

Huku kwetu jambo hili halikuwa siri. Mtu akibaki chini na nyumbani hana picha, mwenzake wa zamu alikwenda kwa Usitikisike akiwa hajanawa, akavaa koti la marehemu, akakaa. Uso wenye makaa ni uso wa kila mtu. Jambo hilo tuliliita kuazima uso. Mjane alijua, majirani walijua, na hakuna aliyeona vibaya, kwa sababu ukuta mtupu ulikuwa unatisha zaidi. Mimi niliombwa sana kwa kuwa nilijua kukaa bila kutikisika. Niko ukutani kwenye nyumba zaidi ya moja. Msiba wa shangazi yako kwenye kile kioo ulikuwa wa baba yako, na koti nililovaa ni lake. Lilinibana kwapani.

Mama yako alikusudia kukwambia ukikua. Kisha ukaanza kuniamkia, akashindwa aanzie wapi. Shangazi yako naye si mwongo. Anaogopa utanishusha ukutani, halafu mimi ndiye nitakayetakiwa kuisoma hiyo barua kwa sauti.

Nikwambie na hili, kisha basi. Sikujaliwa mtoto. Mama yako aliwahi kutuma salamu kwamba binti ananiamkia kila asubuhi kabla ya chai. Tangu siku ile, nikiketi na kikombe changu asubuhi, huwa naitika. Marahaba. Sisemi kwa sauti. Ukinishusha nitakuelewa, ila nitakuwa nimezoea.

Sasa baba yako. Unamtafuta kwenye picha safi na humo hayumo. Upepo alikuwa hawezi kutulia muda wa pumzi moja. Usitikisike akisema neno lake, yeye alikuwa anamgeukia wa pembeni na kumnong'oneza upuuzi. Kila mara. Usitikisike alitaka kumpiga. Yumo kwenye foleni, yumo kwenye kwaya, yumo kwenye mpira, yumo hata kwenye harusi yake, ambapo mpigapicha alisema bibi harusi ni mmoja na waume ni wawili, akakataa kuwapa picha. Hakuna mtu wa mgodi aliyepigwa picha nyingi kama yeye.

Ulisema walio moshi umewatenga. Watafute hao.

Mbao


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Usimgombeze. Nimemwandikia barua yake, imo kwenye bahasha hii hii, na nakuomba usimwambie aruke popote.

Barua yake ilinikuta mezani nikaisoma nimesimama. Nikaenda ghalani. Rafu ya vioo vibovu ilikuwa tupu, imepigwa deki. Mlinzi wa ghala akasema, "Dada, wewe mwenyewe ulisaini viondoke." Nikamuuliza vimeondoka kwenda wapi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa bustani.

Nyuma ya jengo letu kuna bustani ya mboga ya wafanyakazi, na mtunza bustani ni mtu asiyetupa kitu. Alikuwa ameomba vile vioo, akapewa. Alivipanga kwenye fremu ya mbao kama paa dogo la kufunika miche ya nyanya isipigwe na mvua. Vingine alivisugua kwa maji ya moto vikawa vioo vitupu. Vingine alikuwa hajavifikia.

Lilikuwa jua la saa nne. Mwanga ulipita kwenye vioo na watu wote wa mgodi walikuwa wamelala juu ya udongo, wepesi kama kivuli cha majani. Kwaya ilikuwa juu ya miche. Timu ya mpira ilikuwa juu ya miche. Nikiinama wanapotea, nikiinuka wanarudi. Na katikati yao, kila kioo, palikuwa na wingu dogo pale ambapo pangekuwa na kichwa.

Nikamwambia mtunza bustani, "Baba, naomba unirudishie."

Akasema, "Chukua, mama, lakini mvua ikinyesha utakuja kushika mwavuli wewe."

Nimemnunulia karatasi ya nailoni. Vioo vilivyosalimika nimevipandisha tena kwenye meza yangu, na mkuu nimemwambia kanuni ya picha mbovu nimeivunja na nitaendelea kuivunja. Akatazama kioo kimoja kwa muda, akasema niandike barua ya kuomba kuibadilisha. Nimeandika.

Sura ya baba haimo, Shangazi. Nimetafuta kwa kioo cha kukuzia. Kwenye foleni ya taa kuna kipande cha shavu. Kwenye kwaya kuna jicho, au ni vumbi. Nilijaribu kuunganisha vipande nikaacha, maana nilianza kujitengenezea mtu.

Ndipo nikamwangalia wa pembeni. Sijui kwa nini sikuona mapema. Kwenye foleni, mtu aliyesimama karibu na wingu amebana midomo na mashavu yamejaa. Kwenye mpira, golikipa ametazama mbele kwa ukali, lakini mishipa ya shingo imesimama, anazuia kicheko kwa nguvu zake zote. Kwenye kwaya wawili, kulia na kushoto, wanaelekea kupasuka. Kila mahali ilipo sura ya moshi, kando yake yupo mtu anayejitahidi asicheke. Ukitoa wingu, hutaelewa wana nini.

Kioo cha harusi nacho kipo. Kilikuwa pembeni kabisa, kimepasuka kona. Mama amesimama kwa gauni jeupe, na upande wake pana vichwa viwili vya moshi juu ya tai moja. Unamjua mama yangu. Nimeishi naye maisha yangu yote na meno yake niliyaona akila tu. Humo amefumba mdomo, mashavu mviringo, macho yamejaa maji, na ua alilolishika limepinda kwa jinsi alivyolibana. Ana umri mdogo kuliko wangu wa sasa. Nimekaa naye mpaka wasafishaji wakaja kuzima taa.

Mlangoni nitaweka picha mbili, ukubwa sawa. Ya kwanza ni ya harusi. Ya pili ni ya mtu mwenye koti, nayo nitaitoa kwenye kioo kizima bila kukata kando, ili na wewe uwemo na shuka lako. Maelezo yake nimeyaandika hivi: "Uso umeazimwa na rafiki wa marehemu. Mwanga umeshikwa na dada yake."

Kitanda bado kipo. Njoo utolewe ukungu kwanza, ndipo uzione. Daktari anasubiri jibu lako.

Mwanao


30 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuandikie kwa namna gani nyingine, nimekuamkia hivi tangu nijifunze kusema.

Hushuki. Upo palepale ukutani, mkabala na meza ya chakula, na msumari nimeubadilisha kwa sababu wa zamani ulikuwa umelegea. Pembeni yako nitamweka Upepo na bibi harusi wake. Itabidi mzoee tena kukaa pamoja. Akikunong'oneza, jitahidi.

Nakuomba kitu kimoja. Utotoni nilikusimulia mambo mengi pale ukutani: mitihani, ugomvi na mama, mara moja hata mchumba. Sikuwahi kusikia jibu. Sasa najua kwamba lilikuwa linatoka, ila liko mbali. Siku nyingine liseme kwa sauti, Shangazi awe shahidi.

Na kifua hicho ukitunze. Shangazi hakuniambia kitu, ila mwandiko wako unapumzika kila baada ya maneno machache, na baba wa mwenzangu hapa kazini, aliyechimba makaa, alikuwa anaandika hivyo hivyo.

Mwanao


13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Na yule mwingine naye amesema marahaba, kwa sauti, mpaka kuku wakakimbia. Mimi ni shahidi.

Nilimgombeza kidogo ili asizoee. Kisha akanisomea barua yako yote, bila kuruka. Alipofika kwenye ile yake akataka kuisoma kimya. Nikakaa nikisubiri. Wewe unaijua sifa yake, huyo ni mtu aliyekaa mbele ya Usitikisike kama kisiki, na kweli sikusikia hata pumzi. Lakini karatasi nilikuwa naisikia. Ilikuwa inatikisika kama jani la mgomba. Nikamwambia chai inapoa.

Kuhusu kifua chake, ndiyo. Anasema akija huko kwenye maonyesho atapanda ngazi za jengo lenu kwa awamu. Tafuta kiti uweke katikati ya ngazi na usiseme ni cha nani.

Picha ya harusi uliyonitumia nimeishika. Siioni vizuri, lakini kaka yangu nilimwona mara moja, kwa kuwa pale alipo yeye, mimi na mtu mwenye macho mazima tunaona sawasawa. Utataka kujua alimnong'oneza nini mama yako. Alimwambia, "Mpigapicha hajafunga zipu." Na haikuwa kweli, Bwana Usitikisike alikuwa mtu nadhifu sana. Mama yako alikuwa anapenda kunisimulia hiyo, zamani, kabla ya msiba. Baada yake hakuisimulia tena na mimi sikumkumbusha.

Sasa sikiliza jambo la hospitali. Nimekubali. Mwambie daktari nakuja, na Mbao ananishika mkono njiani, au mimi namshika yeye, tutajua mbele. Ila usimwambie ni kesho. Omba nafasi kidogo.

Si kwamba naogopa kisu. Ni huu ukungu. Jioni nikikaa ukumbini mlango ukiwa wazi, kila anayeingia anaingia akiwa moshi. Anasimama pale kwenye mwanga, hana pua wala macho, kichwa chake hakitulii, na kabla hajasema yeye ni nani, anafanana na baba yako. Muuza mkaa anafanana naye. Mwalimu wa shule anafanana naye. Jana hata mchungaji. Nilikuwa sijamwona kaka yangu miaka yote hii, na sasa anaingia mlangoni mwangu mara kadhaa kwa siku.

Acha aingie mara chache zaidi. Kisha nitakuja, nao wautoe.

Shangazi yako